Samaki Aliyerushwa Darasa la Kwanza

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike, Kilole imepungua watu. Majirani wamehamia kijiji cha ujamaa huko Kwaluguru, na Mama anasema zamu yetu inakuja. Nilitaka niondoke na sanduku lako la kuchongea samaki wa mti, wale chambo wako wa kuvulia: visu, msasa, ndoano, kopo la vanishi na lile la rangi nyeupe alilokuachia Mgiriki wa shamba la mkonge. Baada ya arobaini nikafungua chumba chako. Sanduku halipo.

Nikamshuku Athumani siku hiyo hiyo. Nani mwingine? Yeye wa kutega samaki kwa migono, aliyekuwa akikupigia kelele kutoka ng'ambo ya mto: "Mtani, leo kambare wamekula mbao ngapi?" Juzi nikaona kona ya sanduku chini ya kitanda chake, mlango ukiwa wazi. Nikamuuliza kwa sauti yangu hii ya kumezwa. Akasema, "Alinipa mwenyewe," akaendelea kusuka mgono wake, hata uso hakuinua. Nikamwambia Mama. Mama akamwambia mjumbe wa nyumba kumi. Ijumaa baada ya swala Athumani ataitwa mbele ya watu.

Mimi nikaona nichonge samaki wangu, mwizi ajue kazi hii ni ya nani. Gogo la msufi lilikuwepo. Vanishi hakuna, duka la ushirika limekauka. Ulisema msufi unakunywa maji kuliko ng'ombe, usipouziba mwili mzima na tundu la kupitishia waya wa ndoano, samaki anavimba na rangi inapasuka. Basi nikaziba kwa nta ya nyuki. Nikajiona mjanja, nikapaka nyekundu juu yake. Asubuhi rangi inabanduka kama ngozi ya aliyeungua. Nta haishiki rangi, Mjomba. Hilo hukuniambia.

Nilikuwa mtoni namkwangua pale Athumani alipopita. Akamchukua, akamgeuza, akasema taratibu, "Huyu umemrusha darasa la kwanza, mwanangu."

Maneno hayo ni yetu. Uliponipa kopo la rangi nyeupe nikusomee Kiingereza chake, mimi kwa kiburi cha shule nikasema "primer" ni kitabu cha kwanza cha mtoto anayejifunza kusoma. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Basi na samaki naye aanze darasa la kwanza." Toka hapo ile rangi nyeupe ya chini, inayotangulia zote, haikuwa na jina lingine. Niliona haya, nikakuomba usimwambie mtu. Ukaapa.

Nikamuuliza Athumani kayatoa wapi. Alitazama huku na huku kwanza. Kumbe ulimfundisha kuchonga msimu mzima, alfajiri, kabla wenzake hawajaja kutega. "Ningewaambia nini watu wa migono?" akasema. "Kwamba na mimi sasa navua kwa mbao?" Halafu akaniambia nije kwake, vanishi bado ipo chini ya kopo, tumwoshe nta huyo samaki kwa mafuta ya taa, tumpige msasa, tuanze upya.

Sijui nimwamini kiasi gani. Kufundishwa si kupewa sanduku. Lakini siri uliyoapa kunitunzia ulimpa, basi sanduku lingekushinda nini? Wewe ndiye ninayekushuku sasa. Uliugua siku nyingi, mimi ndiye niliyekupelekea uji, na hukunidokeza. Ni kwa sababu mimi msichana? Au uliona nitakaa kimya tu, kama kawaida yangu?

Hilo utanijibu siku tukikutana. Leo namaliza, taa inataka mafuta na Mama anauliza naandika nini.

Ahadi yangu ni hii. Ijumaa nitasimama mimi mwenyewe, mbele ya mjumbe na wazee wote, niseme Athumani si mwizi. Watauliza nimejuaje, nami itabidi niwaeleze habari ya "primer," na Kilole nzima itanicheka. Nitaisema mpaka mwisho.

Pumzika, Mjomba. Sijakusamehe vizuri, lakini pumzika.

Mpwa wako