Mama, Bahati Nimemwachia Mungu

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka chumba kile kile chetu cha Nsambya. Najua ungeniuliza kwanza habari za kaka yangu. Mama, Bahati hajaonekana.

Unakumbuka siku tuliyokimbia vita kwetu Rutshuru? Tulikuwa tumeshafika barabarani, sote watatu, ulipokumbuka kwamba dawa zako za presha zimebaki nyumbani. Bahati akacheka, akageuka kuzifuata. "Tangulieni, Mama. Nitawakuta." Hatukumwona tena.

Hapa Kampala ulitembeza vitenge mchana kutwa, na kila jioni, hata miguu ikiwa imevimba, ulipitia Kisenyi, pale mabasi ya kutoka mpakani yanaposhusha watu. Ulimshika mkono kila mgeni wa kwetu. "Mwanangu Bahati hamukumuona?" Nikikusihi uache, ulinijibu, "Alirudi kwa ajili yangu. Niache namna gani?"

Kisha moyo wako ukashindwa. Hospitalini, mchungaji alipomaliza kukuombea, ulinivuta karibu. Uso wako ulikuwa umetulia, jinsi nilivyokuwa sijauona tangu tutoke kwetu. "Bahati nimemkabidhi Mungu," ulisema. "Na wewe usiende kumchukua tena mikononi mwake."

Niliitikia, Mama. Lakini baada ya mazishi nikajikuta Kisenyi. Niliona kwamba nikiacha kuuliza, nitakuwa nimemzika na yeye. Nikitoka saluni, vidole vikiuma kwa kusuka, nilikwenda kusimama pale ulipokuwa ukisimama. Jumapili niliimba na wenzangu, nikaomba na wenzangu, kisha nikatoka kanisani na mzigo wangu vilevile.

Juzi alishuka mama mmoja, nguo zimejaa vumbi, mtoto mgongoni. Nikamvamia na maswali kabla hajaweka hata kifurushi chini. Akakiweka chini. "Dada, nipatie kwanza maji."

Niliona haya. Nikamnunulia maji na chapati, tukakaa juu ya mzigo wake. Mume wake amezikwa njiani, na watoto wake wakubwa hajui waliko. Nilimweleza habari zako na za Bahati, nikamuuliza yeye anawezaje hata kula.

"Kila asubuhi nawataja majina mbele ya Yesu," akasema. "Mimi siwezi kuwafikia, yeye anaweza. Kisha namunyonyesha huyu aliyebaki."

Akanishika mkono. Makondakta wakiita abiria, honi zikilia, tukaomba pale pale. Nikasema kwa sauti, "Bwana, Bahati ni wako. Mimi nimechoka." Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na hakuna aliyegeuka kututazama.

Bado nitamtaja kila asubuhi, Mama. Usidhani nimemsahau. Akija, Mungu ndiye atakayemfikisha. Kama yuko huko kwako, mwambie nampenda, na wala asiwe na wasiwasi juu yangu.

Jana nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja nyumbani. Jua lilikuwa bado linawaka, na sikujua nifanye nini na jioni nzima. Nikavua viatu nikajitupa kitandani. Leo asubuhi, nikiwa sijatoka bado, jirani akagonga mlango kwa nguvu, akidhani naumwa.

"Siumwi," nilimwambia, macho hata hayajafunguka vizuri. "Nilikuwa nimelala tu."

Kaa kwa amani, Mama, mpaka Bwana atukutanishe.

Binti yako