Harage Moja Kwenye Kopo la Kura

Sista Paulina, mlezi wangu,

Mwakeye huko uliko. Ni mimi Neema, mnovisi wako kutoka Bangwe, nimekaa jikoni hapa Buzebazeba nasubiri uji wa watoto uive. Nina habari, na nisipokusimulia wewe nitapasuka.

Jana masista walinipigia kura ya nadhiri za maisha. Tangu tukuzike nilikuwa nawaza, nani atanitetea sasa? Mmoja tu akikataa, nafunga begi narudi kwa kaka. Na hawa watoto ambao mama zao wanashinda mwaloni wakianika dagaa, nawaacha na nani?

Wewe ndiye uliyenieleza kura yetu: hindi ni ndiyo, harage ni hapana, kila mmoja anatumbukiza yake koponi kimyakimya. Ulisema ilianzishwa na wale masista wawili wa kwanza, walioshuka kwenye treni na sufuria moja wakapanga chumba mtaa huu, watu wakawadhani Wakatoliki hadi walipochoka kueleza kwamba wao ni Waanglikana. Ndani hawakuwa na kitu zaidi ya mahindi na maharage. Na kila kura wewe ulikuwa ukirudia maelekezo hayo mpaka wenzako wanapiga miayo. Safari hii hakuna aliyeyarudia.

Nilikuwa uani nasugua masufuria waliponiita. Mama Mkuu, aliyesafiri kuja kusimamia kura, uso ulikuwa umemshuka. Akaniambia kwa upole kwamba mahindi ni mengi ila harage moja limo, na utaratibu ni utaratibu. Nilikaa sakafuni nikalia, nikakuita jina mbele yao wote.

Ndipo Sista Yuliana, bibi yetu, akauliza ninalia nini ilhali yeye amenichagulia kitu kizuri. Mama Mkuu akamuuliza ni kitu gani hicho.

"Harage," akasema. "Mtu unayempenda utampaje hindi kavu? Mimi nimempa mboga."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anasubiri maelekezo yako ndipo atumbukize! Mama Mkuu alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Wakanitoa nje, wakapiga kura upya, na koponi yakatoka mahindi matupu. Sista Yuliana bado ananung'unika kwamba nimepunjwa. Jioni alinipikia maharage kwa mawese, akanisimamia mpaka nikamaliza sahani.

Nilicheka jana, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Katikati ya kicheko niligeukia upande wako wa benchi, nikuone unavyoficha meno kwa kiganja. Nimekukumbuka sana, Sista.

Mengine ni mazima. Mama Zuhura, jirani yetu uliyemuuguza mguu, bado anatuletea migebuka kutoka ziwani kila Ijumaa akitoka msikitini kwao. Anasema ni ya Sista Paulina. Basi tunakula kwa niaba yako, na kwa kweli hatukuachii hata mfupa.

Jumapili naweka nadhiri. Nitapiga magoti palepale lilipowekwa jeneza lako, na nikiulizwa nitajibu kwa sauti, hadi walioko nje wasikie. Nakuahidi, nyumba hii sitaihama. Siku yangu ikifika, wanitoe kwa mlango uleule waliokutolea wewe.

Lala salama, mama yangu.

Neema