Mafuta Tuliyomnyima Mama

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nimefurahi kusikia mguu umepoa. Mimi mzima, ila baridi ya maabara inanitesa. Mama anaendeleaje tangu aambiwe kile kivimbe ni saratani? Nililia, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye darubini, maana kazi yangu ndiyo hiyohiyo.

Wateja wako wa viazi vya kukaanga wasiendelee kudhani natengeneza miwani. Waambie hivi: seli za saratani zinapenda mafuta. Mafuta hayakubaliani na maji, hilo unalijua kuliko mimi, kwa hiyo seli huweka milango maalumu ya kuyaingiza. Ndani kuna wapagazi wa kuyabeba, mengine yakachomwe yatoe nguvu, mengine yakawekwe stoo. Mwezi uliopita tuliziba mlango mmoja kwa dawa, na seli zikanywea kwenye kisahani mbele ya macho yangu. Profesa mwenyewe alinipa mkono. Tumezipata, Baba. Ni kuzinyima mafuta tu!

Binti yako, daktari mtarajiwa


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mguu hausumbui tena. Naandika kwa sababu kwenye simu mama yako husikiliza kila neno, hata akiwa amefumba macho.

Barua yako niliisoma kwa sauti kibandani, wateja wakaacha viazi vikapoa. Jioni ileile nikatoa mafuta yote nyumbani. Sasa mama yako anakula vya kuchemsha, bila hata tone. Shati la kazi nalivulia nje, nisimwingizie harufu. Yeye anacheka, anasema leo ndiyo kwanza anajua mumewe ananukaje bila viazi.

Ila nina swali, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekaanga viazi tangu hujazaliwa. Vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa chakula chetu cha usiku. Je, ni mimi niliyemlisha ugonjwa huu? Nijibu upesi, nalala nalo na kuamka nalo.

Baba yako


19 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Sisi tupo. Jibu sijapata, nikajua kazi zimekubana. Kwenye simu nako, ukisikia sauti yangu tu unaomba kuongea na mama.

Kibanda nimefunga. Mkono ulikataa kushika kikaango. Siku hizi nalinda duka la jirani, kazi ya kukaa na kupiga miayo.

Jana tulikwenda hospitali aanze dawa. Muuguzi akampandisha kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena kama haamini. Daktari anasema mwili umekwisha mno, hautahimili dawa, arudi akiongezeka uzito. Pete ya ndoa inamtoka yenyewe akiosha vyombo. Nilitaka kumweleza daktari kuhusu utafiti wako, mama yako akanikanyaga mguu, na ni uleule mbovu.

Sasa tuelekeze wewe mwenye elimu yako. Tumpunguzie nini tena? Maziwa? Nasikia nayo yana mafuta.

Baba yako


26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sina uso wa kuwauliza hali.

Asubuhi nilikupigia nikasema mpe Mama mafuta, mpe na maziwa, nikakata kabla hujauliza kwa nini. Sababu naiandika kwa kuwa mdomoni haitoki.

Nilichokuandikia Februari kilikuwa nusu ya habari. Seli zilinywea, ni kweli. Baada ya siku chache zikafungua mlango mwingine. Tulipoziba na huo, zikaanza kujitengenezea mafuta kwa sukari. Nilikuwa nimeshayaona hayo kabla ya kubandika stempu. Nikafunga bahasha hivyohivyo, kwa sababu habari ya ushindi ilikuwa tamu, na nilitaka isomwe kibandani. Profesa hakunipa mkono, Baba. Hata jina langu hulisahau.

Na kisahani si Mama. Mtu akinyimwa chakula, uvimbe haulali njaa, unachota kwenye akiba ya mwili wake. Anayekonda ni yeye.

Barua yako ilipofika niliona kosa siku ileile. Nikaandika jibu, nikalichana. Nikaandika jingine, nikalichana. Kukwambia usinisikilize kulikuwa kukwambia kwamba mimi bado mwanafunzi tu, na pale mtaani umeshanifanya daktari. Nilimwacha Mama akonde ili mimi nisipungue. Naona aibu mpaka kula kunanishinda.

Swali lako nalo nililiacha bila jibu. Jibu ni hapana. Si kikaango chako. Seli hizi hutafuta mafuta hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja cha kukaanga. Ningeweza kukuandikia hili Machi, na sasa ungekuwa na kibanda chako.

Tafadhali, Mama usimsomee.

Binti yako


8 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nimemsomea. Sijawahi kumficha mama yako barua yako hata moja, na uzeeni huku ni kuchelewa kuanza.

Sitakudanganya, nilikasirika. Nilitoka nje nikawa naongea peke yangu mpaka jirani akachungulia. Niliporudi mama yako alikuwa ameketi kitandani. Akasema, "Mwache mtoto. Daktari aliniambia nile kila kitu tangu siku ya kwanza, wewe ukiwa nje unatafuta teksi."

Nikamuuliza, "Ulijua, na ukashinda njaa?"

Akasema, "Kila aliyeniuliza mbona nakula vikavu, nilimjibu mwanangu ndiye anayenitibu. Ningekula, ningewaambia nini?"

Basi nyumba nzima tumejaa aibu, kila mtu na yake. Ile sentensi ya kikaango niliirudia kuisoma, halafu nikawasha jiko. Nilimkaangia mayai. Akala yote, akaomba mkate afutie kikaango. Kibanda nimekifungua tena, na shati sasa naingia nalo ndani. Anasema harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia nimerudi salama, na kwa miezi hii alikuwa akiikosa, ila hakutaka kutuharibia.

Uzito umepanda kidogo, bado hautoshi. Watampima tena Jumatatu ya tarehe ishirini. Ukitosha, dawa inaanza siku hiyohiyo. Usipotosha, daktari hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza. Kuitazama ile mizani peke yangu siwezi tena.

Habari za maabara usituletee. Njoo umshike mama yako mkono anapopanda.

Baba yako