Seva Zinazojiunganisha Zenyewe

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini hujambo, shemeji na watoto nao hawajambo, na kile kifua chako kimetulia. Mimi nipo, ila nimechoka, ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Habari kubwa ni ya mwanao, huyu binti yangu. Unajua ninavyopenda kumsifu, basi nivumilie tena. Ofisini kwao kuna seva, yaani kompyuta kubwa zisizo na hata kioo, zinavuma chumba kizima kama friji mbovu. Mafaili ya wote yanakaa kwenye seva moja kuu, na zile nyingine lazima ziunganishwe nayo ndipo watu waone kazi zao. Zamani aliziunganisha yeye, moja baada ya moja. Umeme ukikatika, zikiwaka upya zimesahau, naye anapigiwa simu hata akiwa na sabuni mwilini. Alikonda mtoto, akabaki macho tu.

Ndipo akakaa akaandika maelekezo mara moja, akayagawa kwa seva zote. Siku ya kwanza alikosea herufi moja, wahasibu wakakuta folda tupu, wakamwita kila jina. Akarekebisha. Sasa mtu akifungua folda tu, seva yake inakwenda yenyewe kuichukua kwa ile kuu. Akikaa bila kuitumia, inaiachia. Umeme ukatike, urudi, hakuna anayeitwa. Ni binti yangu huyo, wa mimi niliyeacha shule mapema. Majirani wote wanaijua habari hii, wengine wameshaanza kunikwepa.

Jumapili moja bosi wake alipiga simu. Binti alikuwa amelala, nikapokea mimi. Nikamwambia bosi amwache mtoto apumzike, maana kazi yake siku hizi inajiendesha, hata akilala mwezi mzima hakitaharibika kitu. Bosi akacheka, akanishukuru sana. Nikajiona nimesema.

Wiki hii mkataba wake umeisha, hawakumpa mwingine. Bosi alimwambia amesikia kazi inajiendesha, na kwamba hata akilala mwezi mzima hakitaharibika kitu. Maneno yangu, mdogo wangu, halikupungua hata moja.

Yeye anaamini aliyemchongea ni Miwani, yule rafiki yake wa meza moja, aliyekuwa akimletea chai siku za kukesha. Jana Miwani alikuja kumpa pole. Binti akamwambia mnafiki arudi alikotoka, akafunga mlango. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, nikaendelea kumenya. Tuko wawili tu hapa, nikamenya vya kulisha harusi.

Sijamwambia mtu ila wewe. Ameshaamka, namsikia bafuni. Akitoka namwambia, kisha nadhani itabidi akae kwako kidogo, maana hapa hatataka kuniona. Mpokee, mpe chumba chenye utulivu. Na tafadhali, usimsifu mbele ya mtu mpaka apate kazi.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako.