Akello, Niachie Suubi

Akello, rafiki yangu,

Huko uliko najua hakuna fomu, maana kama zingekuwepo ungeshatoroka ukarudi hapa kwetu Kisugu. Ni mimi Nafula, niliyebishana bei Dubai, Guangzhou na Juba bila kufika darasa la saba. Sasa, cheka, ndimi mkuu wa kituo chako cha watoto. Ndugu zako walisema hakuna mwingine mwenye mdomo wa kutosha. Hapo walisema kweli.

Tangu tukuzike mambo yamegeuka. Alikuja mama mmoja wa ukaguzi, akasema, "Nnyabo, kisichoandikwa hakijafanyika." Nikamwambia basi mimi sijazaliwa, cheti sina. Hakucheka. Akatuachia karatasi: kila mtoto, kila saa, amekula, amelala, amebadilishwa nepi, ameongeleshwa. Sikatai zote. Ile ya dawa imetusaidia, hakuna tena mtoto wa kupewa siropu mara mbili. Lakini Prossy na walezi wenzake wanashinda mezani wameinama, wanatia tiki. Mkono mmoja unashika chupa ya maziwa, macho yako kwenye karatasi.

Wewe ulikuwa unamwosha mtoto mkigombana. Yeye "ba-ba-ba," wewe, kwa Kiswahili chako cha kambi ya polisi, "Ati nini? Rudia mbele ya afande!" Nikitoka soko la Owino na mzigo wangu nilikuwa nawasikia tangu barabarani.

Sasa kimya. Chumba kizima cha watoto, macho wazi, na hakuna anayelia. Wageni wanatusifu, "Banange, watoto wenu wana adabu!" Mimi nimelala chini ya lori Juba risasi zikilia, sikutetemeka. Kimya hiki kinanitoa jasho. Mtoto huacha kulia akishajua hakuna anayekuja.

Na Suubi, yule uliyemwacha ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Kwetu halii, hanyooshi mikono. Lakini asubuhi, jua limejaa chumbani, anatambaa mpaka kona ulipokuwa unatandika mkeka, anautazama ukuta, anasema "ba-ba." Halafu ananyamaza. Ananyamaza kiasi kile cha mtu kujibiwa, Akello. Kisha anacheka, anaendelea.

Kwanza nilifanya mzaha. Kisha nikachukua karatasi yake, nikaona mstari wa "ameongeleshwa" umejaa tiki mwanzo hadi mwisho. Nikauliza, "Nani kati yenu kamwongelesha?" Prossy akainamisha kichwa. "Hakuna, mama. Tunajaza tu." Kumbe karatasi ilikuwa inasema kweli, ila aliyemwongelesha si sisi.

Mama yake Suubi alikuja mapema siku moja, akamwona. "Huyo anaongea na wafu. Nampeleka kijijini." Bambi, maskini, alikuwa ameshamfunga mgongoni. Nikamsihi, nikabembeleza, mimi! Akanipa mpaka Ijumaa.

Nikatoa amri: mmoja aandike, tena watoto wakishalala. Wengine wote, midomo kazini. Mkaguzi akitufungia, atukute tunaongea. Halafu Alhamisi nikaenda kukaa kwenye kona yako, mgongo ukutani. Suubi akaja, akasema "ba." Nikamjibu. Hakunitazama. Alitazama juu ya bega langu. Nikamsimulia ngamia wa Dubai, na yule afisa wa uwanja wa ndege aliyetaka kunioa. Alisubiri nimalize, kisha akamjibu aliye nyuma yangu.

Sikugeuka. Mdomo ninao, shingo ya kugeuka sina.

Ijumaa nikarudi. Nikaongea mpaka koo likakauka, nikainuka kutafuta maji. Nikasikia yowe. Suubi! Kilio cha hasira, mikono juu, ananitaka mimi. Prossy akaja mbio. Mwingine akaanza kulia, na mwingine, mpaka majirani wakachungulia dirishani. Nikambeba nikalia naye, makamasi yake shingoni mwangu. Mama yake alitukuta hivyo. Alikaa chini tu akatusikiliza. Jumatatu alimleta tena.

Akello, asante kwa kutushikia zamu. Najua ulifanya hivyo kwa sababu sisi tulikuwa tumeondoka tukiwa tumekaa pale pale. Lakini yeye ni wa huku. Leo asubuhi, mikononi mwangu, aligeuza kichwa akatazama ile kona, akafungua mdomo.

Tafadhali, dada, akikuita usiitike. Nitaitika mimi, kila mara, hata karatasi zikinifika kidevuni. Nakuahidi.

Pumzika sasa.

Nafula