Neno Nililolitunga

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji. Natumaini mtoto ameacha kukohoa. Mimi huku bwenini ni mzima wa mwili, mengine utayasoma.

Uliniambia nijifunze maneno kumi ya Kiingereza kila siku, yale magumu ya vitabuni. Nayakariri nikifua, nayakariri kwenye foleni ya chakula, na daftari la kwanza limejaa. Wenzangu wananiita Kamusi. Wanakuja, wanauliza neno, wanalichukua, wanakwenda zao. Nawasikia kule wakicheka mambo ambayo mimi sikuwepo yalipotokea.

Wiki mbili zilizopita jirani yangu wa kitanda, yule mrefu anayeimba akitandika, alikuwa anaandika insha ya kugombea nafasi ya kuiwakilisha shule kwenye mashindano. Akaniuliza Kiingereza cha ile hali ya kukumbuka harufu ya nyumba mliyohama. Sikukijua. Ningesema sijui angeondoka, na mimi nilitaka akae kidogo. Basi nikamtungia neno, refu, la kisomi, nikamwambia limo kwenye kamusi kubwa. Akakaa kitandani kwangu robo saa nzima tukilifanyia mazoezi. Akasema kumbe Kamusi ukifunguka unachekesha.

Jana akaisoma insha mbele ya shule. Mwalimu wa Kiingereza akamkatiza, akamuuliza neno hilo kaliokota wapi. Hakunitaja. Alisema analijua tu. Mwalimu akasema labda kaliota, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nafasi akapewa mwingine. Mimi niliinamia daftari langu.

Dada, neno hilo halipo popote duniani, na hilo hajui mtu ila wewe sasa. Jioni alikuja akakaa kando yangu, akasema mwalimu naye hawezi kujua kila kitu. Kisha akanisimulia habari za mama yake mpaka kengele ikalia. Hakuniuliza neno hata moja. Ni mara ya kwanza mtu kukaa nami hapa bila kutaka kitu, nami sikumwambia ukweli.

Leo tukienda kufua nitamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Akihamisha godoro lake, sitamlaumu.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.