Ndimu Chini ya Meza Inayoelea

Mpendwa Mama Rukmini wa safu ya ushauri, naomba msaada, na kucheka ucheke ukishamaliza kusoma. Mimi Chikkanna, miaka sitini na tisa, shule niliiacha darasa la nne, lakini nafagia maabara ya wasomi hapa Bengaluru na kazi yao naijua: vioo viwili vinatazamana kama wachumba, mwanga unadunda katikati, wanaupunguza mwendo hadi unajikokota kama karani anayetoka kunywa chai, na kwa kuchelewa humo unaibaini hata atomu moja ikipita, basi sikukuu ya kubariki zana nikazipaka mashine sindura, ile poda nyekundu ya baraka, nikabana ndimu kwenye kila mguu wa meza yao kama tunavyoweka chini ya magurudumu ya gari, nikasahau kwamba meza ile huelea juu ya hewa isitikisike, na ndimu huipandishia mtikisiko wa sakafu, kesho yake nikatoa ndimu tatu, ya nne nikaiacha, na binti wa maabara yetu, Vaidehi, anayesomea udaktari wa fizikia, akakaa wiki tatu haoni atomu hata ya dawa, analia, mimi namletea kahawa namwambia, "Labda zimeenda likizo, mjukuu wangu," hadi jana nikaikuta ndimu imekauka kama kisigino changu, nikaichomoa, naye akaruka, "Babu, zimerudi!" nikashangilia kama sijui lolote. Sasa, kwa kuwa hajui kilichozirudisha na anashuku vioo, keshokutwa anafungua chombo kilichovibeba avibadili, na kukirudisha sawa ni miezi sita. Nikisema, si watanifukuza?

Mzee Chikkanna, kusahau nimekusamehe. Kushangilia, hapana! Binti apoteze miezi sita ili wewe usione aibu ya dakika moja?

Wasomaji, sikungoja gazeti litoke. Nilimpigia simu. Akaanza, "Mama, nina kikohozi."

"Hukohoi kwa miguu. Chukua ndimu, mpelekee sasa hivi, na simu usikate!"

Nikasikia viatu, mlango, na mzee akikiri yote. Kisha binti: "Ndimu? Babu, wiki tatu nimelilia ndimu?" Akacheka hadi akaketi sakafuni. Akaibana tena mguuni, atomu zikapotea, akaichomoa, zikarudi. Chombo hakifunguliwi, na hakuna anayefukuzwa.

Mwakani, mzee, sindura paka, ndimu weka kwenye baiskeli yako. Ile kavu Vaidehi ameitundika mlangoni pamoja na pilipili, kukinga meza na jicho la husuda. Usiiguse. Wewe fagia, na uanzie mguu wa nne.